Zawadi ya Wapendanao katika boma la mkulima

Februari 14 inapokaribia, redio na maduka ya mjini huanza kutukumbusha kwamba Siku ya Wapendanao imewadia. Tunashauriwa tununue maua mekundu, kadi na chokoleti, kisha tuwatoe wapenzi wetu kwenda hotelini. Mkulima wa Kinangop, Bomet au Kitale akiyasikia hayo hucheka tu. Ana ng'ombe wa kukamwa alfajiri, watoto saba wa kutayarishwa kwenda shuleni, mama mzazi anayesubiri uji, na shamba linalopaswa kuwa tayari kabla ya mvua ya masika. Atatoka saa ngapi, na nyumba amwachie nani?

Katika somo la leo ningependa tuitazame siku hii kwa jicho la afya. Nia yangu si kumhimiza msomaji aige desturi ya watu wa mjini. Nataka kuonyesha kwamba familia kubwa ya shambani inaweza kuiadhimisha siku hii papo hapo nyumbani, bila gharama kubwa, na kwa namna itakayowafaa wazazi na watoto. Iwapo utakumbuka jambo moja tu katika makala haya, na liwe hili: zawadi anayoihitaji zaidi mama wa boma lenye watoto wengi ni kupunguziwa mzigo, na kupata nafasi ya kuzungumza na mumewe kuhusu afya yake.

Siku hii ilitoka wapi?

Mtakatifu Valentino alikuwa Mkristo aliyeuawa kwa ajili ya imani yake huko Roma katika karne ya tatu, na Kanisa likawa likimkumbuka kila Februari 14. Katika karne ya 14 mshairi wa Uingereza, Geoffrey Chaucer, aliihusisha siku hiyo na ndege wanaochagua wenzi wao, na kidogo kidogo ikageuka kuwa siku ya mapenzi. Mwaka wa 1969 Kanisa Katoliki liliiondoa sikukuu ya mtakatifu huyo katika kalenda yake ya jumla, lakini wapenzi hawakuiacha.

Hapa Kenya siku hii ina uso mwingine. Ukisimama kwenye ukingo wa Kinangop Kusini, utaliona Ziwa Naivasha kule chini pamoja na paa za mabanda ya plastiki yanamokuzwa maua ya waridi. Maua hayo husafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi na nchi nyingine za Ulaya. Wengi wanaoyachuma na kuyafunga ni wana na mabinti wa familia za wakulima, na majuma yanayotangulia Februari 14 ndiyo yenye kazi nyingi kuliko yote. Si ajabu kwamba katika kipindi hicho wajukuu hurundikana kwa nyanya yao, na nyumba iliyokuwa na watu wanane ikawa na kumi na mmoja. Kwa hivyo, hata familia isiyonunua ua lolote hubeba sehemu ya mzigo wa siku hii.

Kwa nini daktari ajali?

Wapo watakaouliza mapenzi yanamhusu nini daktari. Wahenga walisema kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Upungufu wa mapenzi nao haufichiki, kwani mwili huutangaza.

Mkulima ana mfano mzuri katika zizi lake. Ng'ombe aliyepigwa au kutishwa na mbwa huzuia maziwa hata kama kiwele kimejaa. Sababu yake ni hii: ndama anaponyonya, au kiwele kinapooshwa kwa maji ya vuguvugu, ubongo wa ng'ombe hutoa kichocheo kiitwacho oksitosini. Kichocheo hicho huyasukuma maziwa yashuke kwenye chuchu. Hofu nayo huleta kichocheo kingine, adrenalini, ambacho huizuia oksitosini isifanye kazi yake. Ndiyo maana mkamaji hodari huzungumza na ng'ombe wake kwa upole.

Oksitosini hiyo hiyo imo katika mwili wa binadamu. Ndiyo hukaza kizazi wakati wa uchungu wa kujifungua, na ndiyo hushusha maziwa ya mama anayenyonyesha. Hutolewa pia watu wanaopendana wanapokumbatiana. Mama mwenye mtoto mchanga akigombezwa asubuhi na jioni, maziwa yake huweza kuchelewa kushuka, kama yale ya ng'ombe aliyetishwa. Tusimlaumu kwamba hana maziwa. Kwanza tuutazame utulivu wa nyumba yake.

Ugomvi huchelewesha hata kupona kwa vidonda. Mwaka wa 2005 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake katika jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha uchunguzi wao juu ya wanandoa 42. Kila mmoja alitiwa malengelenge madogo mkononi. Katika ziara moja wanandoa walizungumza kwa kuliwazana, na katika nyingine walijadili jambo wanalokosania. Vidonda vilipona polepole zaidi baada ya mabishano. Wale waliooneshana uhasama mwingi katika mazungumzo yote mawili walipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ikilinganishwa na wale wasio na uhasama. Fikiria basi mkulima aliyejikata kwa panga, ambaye kila jioni hurudi kwenye nyumba ya kelele.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka wa 2010, ulikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusu zaidi ya watu 300,000. Ilibainika kwamba wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ile ya wapweke kwa asilimia 50. Tusidhani kwamba upweke ni wa anayeishi peke yake. Mama anaweza kuzungukwa na watu kumi mchana kutwa, kila mmoja akimwitisha kitu, na asipate hata mmoja wa kumuuliza hali yake.

Mzigo usioonekana

Wanawake wengi wa mashambani hufika kliniki wakilalamikia kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Ukimuuliza mmoja wao siku yake huanzaje, utasikia kwamba huamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tano za usiku. Katikati ya saa hizo amekama, amepika, amefua, amekata majani ya ng'ombe, amepalilia na amebeba maji, pengine na mtoto mgongoni.

Uchovu huo usichukuliwe kuwa jambo la kawaida tu. Wakati mwingine ni upungufu wa damu, hasa kwa mama aliyezaa mara nyingi kwa kufuatana. Huchoka upesi, huhema akipanda kilima, na viganja vyake huwa vyeupe. Wakati mwingine ni shinikizo la damu, ambalo aghalabu halina dalili yoyote mpaka limeleta madhara. Na wakati mwingine ni huzuni kubwa isiyoisha, ambayo ni ugonjwa kama magonjwa mengine na ina matibabu yake.

Baba naye ana mzigo wake. Bei ya viazi ikianguka au ng'ombe akifa, wanaume wengi hunyamaza, wengine wakakimbilia pombe. Siku ya Wapendanao ni nafasi ya kumfungulia na yeye mlango wa kusema.

Kuipanga siku nyumbani

Tuchukue mfano wa boma la baba, mama, watoto saba na nyanya. Siku yao yaweza kupangwa hivi.

Alfajiri, mama aachwe alale saa moja au mbili zaidi, na baba ashike ndoo ya maziwa. Lakini tahadhari: ng'ombe aliyezoea mkono wa mama huweza kumzuilia baba maziwa, na lori la maziwa halimsubiri mtu. Basi baba aanze kusaidia kukama juma moja kabla, ili ng'ombe amzoee. Faida ya maandalizi hayo ni kwamba baada ya Februari 14 patakuwa na wakamaji wawili nyumbani badala ya mmoja.

Kazi za siku hiyo wagawiwe watoto kulingana na umri wao, wavulana kwa wasichana. Kijana wa miaka kumi na minne anaweza kuteka maji na kusonga ugali. Wa miaka tisa anaweza kuosha vyombo na kufagia uwanja. Siku ikiangukia siku ya shule, kazi hizo zifanywe jioni. Mtoto anayemwona baba yake akimsaidia mama amepata somo ambalo mwalimu hawezi kumpa.

Wadogo waruhusiwe kumchumia mama maua. Hata hivyo, mtu mzima aende nao. Maua yale makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, ambayo hupandwa uani katika sehemu nyingi za nyanda za juu, yana sumu katika kila sehemu ya mmea, na mtoto akiyatafuna anaweza kuweweseka na hata kufa. Wasichume pia maua katika shamba lililonyunyiziwa dawa ya wadudu karibuni. Wakirudi wanawe mikono kwa sabuni.

Chakula kiwe cha nyumbani. Kuku wa kienyeji, mukimo au ugali, mboga za majani na matunda ya msimu ni karamu tosha. Katika nyumba nyingi mama hupakua chakula cha wote kisha akabaki na shingo ya kuku na mchuzi. Siku hii apakuliwe wa kwanza, apewe nyama, kwani nyama na mboga za kijani humwongezea madini ya chuma yanayotengeneza damu. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana hupunguza madini hayo kuingia mwilini. Inywewe saa moja au mbili baadaye.

Kuhusu soda, chupa ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, yaani kama vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Nyanya mwenye kisukari asitiliwe soda eti kwa sababu ni sikukuu. Maziwa ni kinywaji kizuri kwa watoto, mradi yachemshwe vizuri ili kuua viini vya homa ya maziwa mabichi na vya kifua kikuu cha ng'ombe.

Baada ya kula, kila mmoja aseme jambo moja analomshukuria mwenzake. Watoto wataanza kwa kucheka, kisha watasema mambo yatakayowashangaza wazazi. Nyanya asisahaulike, kwani ndiye aliyeishi miaka mingi zaidi na ana mengi ya kusimulia juu ya ndoa yake.

Hatimaye, zawadi ya vipimo. Baba na mama waende pamoja zahanati siku hiyo au siku inayofuata, wapimwe shinikizo la damu na sukari, na virusi vya Ukimwi pia. Kipimo cha shinikizo kinachofika 140 kwa 90 au zaidi kirudiwe siku nyingine, na kikibaki hapo muone daktari. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa mwaka wa 2023 wanaweza kukupimia shinikizo hata nyumbani, kwa hivyo muulize wa kijiji chako.

Saa ya watu wawili

Katika nyumba iliyojaa watoto, wazazi hukosa mahali pa kuzungumza. Watoto wakishalala, ketini jikoni karibu na moto, au tembeeni hadi zizini kama mnaokwenda kumtazama ndama. Simu zizimwe. Kisha kila mmoja amuulize mwenzake maswali matatu. La kwanza: unaumwa wapi ambapo hujaniambia? La pili: ni kazi gani nikuondolee, si leo tu, bali mwaka mzima? La tatu: je, tunataka mtoto mwingine, na kama tunataka, lini?

Swali la tatu ndilo hukwepwa sana, na ndilo lenye uzito mkubwa. Utafiti wa mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi 3.4. Hata hivyo, familia kubwa zingalipo mashambani, na sisemi kwamba kuwa na watoto wengi ni kosa. Ninachosema ni kwamba kila mimba iwe imekubaliwa na wawili, na mwili wa mama uwe tayari.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba baada ya kujifungua mama angoje angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Katika muda huo damu yake hurudi, na mtoto aliyepo hupata kunyonya ipasavyo. Aidha, kizazi kilichobeba mimba tano au zaidi huweza kuchoka, kikashindwa kujikaza baada ya mtoto kutoka. Hapo mama huvuja damu nyingi, na anaweza kufa katika muda mfupi. Ndiyo sababu wakunga humdunga mama sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa, ili kizazi kikaze. Sindano hiyo hutunzwa kwenye baridi na huhitaji mkunga aliyefunzwa. Mama wa watoto sita asijifungulie nyumbani kwa kuwa eti amezoea. Yeye ndiye hasa anayehitaji hospitali.

Njia za kupanga uzazi ni nyingi. Vipo vidonge vya kila siku, sindano ya kila miezi mitatu, vipandikizi vya mkononi vinavyodumu miaka mitatu hadi mitano, na koili ya shaba inayoweza kukaa miaka kumi. Mama anayenyonyesha mtoto wake maziwa ya kifua pekee, mchana na usiku, huku hajapata hedhi na mtoto hajafika miezi sita, huwa amekingwa pia kwa kiasi kikubwa. Kwa wale walioamua kwamba watoto wametosha, mume anaweza kufungwa mishipa ya mbegu za kiume. Upasuaji huo ni mdogo, wala haumwondolei nguvu za kiume kama inavyovumishwa. Watumie kinga nyingine kwa miezi mitatu ya mwanzo. Muuguzi atawaeleza ipi inawafaa, hasa ikiwa mama ana shinikizo la damu au huvuta sigara.

Mambo ya kuepuka

Usiku wa Februari katika nyanda za juu huwa na baridi kali. Msiingize jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha ili mpate joto. Makaa yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imeua familia nzima zikiwa usingizini. Mshumaa nao usiwekwe karibu na neti wala pazia.

Zawadi isinunuliwe kwa mkopo au kwa karo ya shule, maana deni huleta ugomvi kabla ya mwezi kwisha. Wala siku hii isigeuzwe kuwa haki ya mume kudai asichopewa kwa hiari. Mama aliyechoka, mgonjwa au aliyejifungua karibuni ana haki ya kusema hapana. Anayepigwa au kulazimishwa nyumbani anaweza kupiga simu nambari 1195 bila malipo, na akijeruhiwa aende hospitali mara moja.

Mpeleke mama hospitalini bila kungoja iwapo ana mimba naye ana kichwa kinachouma sana, macho yanaona giza au uso umevimba, au akivuja damu kabla au baada ya kujifungua. Vilevile asicheleweshwe akianza kusema kwamba afadhali afe. Maneno hayo si mzaha.

Maswali ya kujipima nyumbani

Tunamaliza kwa maswali manne ambayo mume na mke wanaweza kuyajibu pamoja. Nani hulala wa mwisho nyumbani kwetu, na nani huamka wa kwanza? Shinikizo letu la damu lilipimwa lini mara ya mwisho? Mtoto wetu mdogo ana miezi mingapi, na tumekubaliana nini kuhusu anayemfuata? Ni kazi ipi ya mama ambayo kuanzia kesho itakuwa ya mtu mwingine?

Familia itakayoyajibu maswali hayo kwa ukweli itakuwa imeiadhimisha Siku ya Wapendanao ipasavyo, hata kama hakuna ua moja jekundu lililoingia nyumbani. Majibu yakiwa mabaya, msikate tamaa. Anzeni na lile la mwisho, na ndoo ya maziwa ya kesho alfajiri ishikwe na mkono mwingine.